Mafundisho ya Kiingereza kwa Watoto wa Musoma, Bunda na Butiama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ilitutaka tuseme habari ya mafundisho ya Kiingereza kwa watoto wetu wa pande hizi tatu. Twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukusimama hapa kukisifu Kiingereza wala kukilaumu. Sifa na lawama zimekwisha kusemwa sana, na mtoto aliyekaa darasani hapati faida kwazo. Twataka kuuliza jambo moja: mtoto ambaye lugha hii si ya mama yake, wala ya jirani yake, wala ya gulio la kijijini kwake, afundishwe namna gani hata aijue? Na jambo la pili lafuata la kwanza: sisi wazazi, tulio watumishi wa Serikali, tuna kazi gani katika shughuli hiyo?

Twajua ya kuwa mbele ya mkutano huu yako mashauri mawili. La kwanza lataka kila mwanachama aagize nyumbani kwake isisemwe lugha yo yote ila Kiingereza, na akiba ya chama itumike kulipia masomo ya likizo ya kukariri majibu ya mitihani. La pili lataka akiba hiyo inunue vitabu vya kusoma, viwekwe katika masanduku, vizunguke baina ya Musoma, Bunda na Butiama. Fedha yetu ni kidogo, haitoshi yote mawili. Basi maneno yetu ya leo si ya kupitisha wakati. Mwisho wake ni kura, na kura hiyo itawagusa watoto.

Hapana ajabu kwamba watumishi wa Serikali wana shauku ya Kiingereza kuliko watu wengine. Kwetu sisi lugha hii imekuwa ngazi. Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha pale Tanga chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika Tanganyika, walikuwa watu waliokwisha kupanda ngazi hiyo kwa kalamu. Tangu siku zile mzazi mwenye kazi ya ofisini hujiuliza usiku, "Mwanangu asipokijua Kiingereza, ataishia wapi?" Swali hilo ni la haki kabisa. Walakini haki ya swali haifanyi kila jibu kuwa la kweli.

Hali ya mkoa wetu

Yafaa kwanza tutazame tulipo. Mabingwa wa Ulaya waandikapo juu ya mafundisho haya husema "lugha ya pili". Kwetu Mara mara nyingi hiyo ni lugha ya tatu. Mtoto wa Butiama aliyelelewa na bibi yake huanza na Kizanaki. Wa kando ya ziwa, upande wa Musoma na Bunda, huanza na Kijita au Kikwaya. Wengine wa Bunda huanza na Kiikizu au Kisukuma. Wa Tarime huanza na Kikuria. Wa Rorya huanza na Kijaluo, ambacho si jamaa ya Kibantu hata kidogo. Kiswahili wengi hukikuta barabarani na shuleni. Ndipo Kiingereza kije juu ya hicho, kama mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza usiokwisha kufungwa vizuri.

Serikali yenyewe imeliona jambo hili. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa msaada wa Uingereza, uliuchukua na mkoa wa Mara, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwakusanya watoto wadogo kabla ya Darasa la Kwanza wasikie hadithi, waimbe na wazungumze, kwa sababu wengi waliingia shuleni bila kukijua Kiswahili cha mwalimu. Hapo tayari tunapata somo la kwanza: lugha mpya huingia kwa hadithi na mazungumzo kabla ya kuingia kwa kanuni.

Twaweza kumtaja pia mtu mmoja wa hapa petu ambaye wote mnamjua. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mpaka alipokuwa na umri wa miaka 12 lugha yake ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934 alikwenda shule ya Mwisenge hapa Musoma, akapata Kiswahili. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, na huko Kiingereza kikawa lugha ya masomo yake. Baadaye alisoma Makerere, akafundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1955, alipokwisha kuacha kazi ya ualimu Pugu, alirudi nyumbani akamfundisha Kizanaki padri mmoja wa Maryknoll. Na alipokuwa Rais hakuona haya kushika kalamu na kuugeuza mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar kuwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 1963, na ile ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Watu wengine hutoa mfano huu na kusema, "Mwaona? Alianza na Kizanaki porini, akafika Edinburgh. Basi watoto wetu nao wataweza vivyo hivyo." Sisi twasema mfano huu ni mzuri, lakini usomwe mpaka mwisho. Zamani zile waliokwenda Tabora walikuwa wachache waliochaguliwa katika nchi nzima. Walikaa bweni, wakaisikia lugha asubuhi na jioni. Leo, kwa baraka za shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mwaka 2004, na kwa kufutwa ada ya Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne tangu Januari 2016, watoto wanaoingia sekondari ni umati. Nao hurudi nyumbani jioni, kwenye ng'ombe na dagaa na ndugu zao, mahali ambapo Kiingereza hakisemwi. Jambo lililowatosha wachache wa bwenini halitawatosha wengi wa kutwa. Tena tusisahau ya kuwa lugha zile mbili za kwanza hazikumzuia kuipata ya tatu. Alizijua zote sawasawa, hata akaweza kuwa mwalimu wa kila moja.

Mambo yaliyochunguzwa

Sasa tutasema machache katika yale yaliyoonekana na wachunguzi, nyumbani na ugenini.

Mwaka 1984 mabwana wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliombwa wapime Kiingereza cha shule za Tanzania. Waliona ya kuwa katika wanafunzi wa Kidato cha Nne ni kama mmoja tu katika kumi aliyefikia kiasi ambacho mtu angetazamia mafundisho kwa Kiingereza yaanzie. Tafadhali lifikirini neno hilo. Hawakusema mahali pa kumalizia. Walisema mahali pa kuanzia. Watoto wale walikuwa wamekwisha kusomeshwa Jiografia na Kemia miaka minne kwa lugha hiyo. Tume ya Rais juu ya elimu, iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta mwaka 1982, ilikuwa imekwisha kushauri Kiswahili kiingie sekondari. Shauri hilo halikutimizwa, na mpaka leo Kiingereza ndicho cha kufundishia huko. Hatukuja kulifufua shauri hilo hapa. Hiyo ni kazi ya Bunge na wakuu wa elimu. Sisi twasema tu kwamba, maadamu hali ni hiyo, mtoto wetu ataingia Kidato cha Kwanza na atahukumiwa kwa lugha hiyo. Imetupasa kumtengeneza.

Bingwa mmoja wa Kanada, jina lake Jim Cummins, alionyesha tangu mwaka 1979 ya kuwa lugha ina sehemu mbili. Iko ya kuamkiana, kununua na kucheza, na iko ya kusomea na kutoa hoja. Watoto wageni waliohamia Kanada walipata ile ya kwanza katika miaka kama miwili, lakini ile ya pili iliwachukua miaka mitano mpaka saba. Na hao, ndugu, walizungukwa na Kiingereza dukani, njiani na uwanjani. Mtoto wa Butiama anakisikia kwa vipindi vichache katika juma. Basi anayetazamia mtoto huyo avuke kwa majuma machache ya mafundisho ya matayarisho ya Kidato cha Kwanza, anatazamia ajabu.

Hapa Makoko, pembeni mwa mji wetu, wamisionari wa Maryknoll waliweka shule ya lugha ambayo mapadri, masista na wageni wengine wamejifunzia Kiswahili. Hao ni watu wazima, wengi wao wenye elimu ya vyuo vikuu, na mwalimu wao hukaa na wanafunzi wachache. Hata hivyo hupewa miezi ya kujifunza lugha tu, kabla ya kutakiwa kufanya kazi kwa lugha hiyo. Hapana aliyewaona wajinga kwa ajili hiyo. Kwa nini basi mtoto wa miaka 14 aonwe mjinga, akikaa kimya mbele ya kitabu cha Biolojia, naye hakupata hata robo ya nafasi ile?

Wengine huogopa ya kuwa mtoto akisomeshwa kwa lugha yake atapungukiwa na Kiingereza. Jambo hilo lilijaribiwa Nigeria, pale Ife, tangu mwaka 1970, chini ya Profesa Babs Fafunwa. Watoto walifundishwa masomo yote ya shule ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza wakafundishwa kama somo, na mwalimu aliyekijua vema. Mwisho wake walifanya vizuri kuliko wenzao katika masomo, na Kiingereza chao hakikuwa nyuma.

Na sasa habari ya vitabu. Mwaka 1980, katika shule za mashamba za Fiji, visiwa vya mbali katika bahari ya Pasifiki, Bwana Elley na Bwana Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi kama 250 kwa kila shule iliyochaguliwa, vyenye picha na maneno ya kuvutia. Watoto hao nao Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Kazi ya mwalimu ilikuwa kuwasomea, kuzungumza nao juu ya hadithi, na kuwapa nafasi ya kusoma wenyewe. Maendeleo yao katika kusoma na kusikia yalikuwa kama mara mbili ya yale ya shule zilizoendelea na mazoezi ya kawaida. Hapakuwa na majengo mapya. Palikuwa na vitabu, na vitabu vilifunguliwa.

Twasema "vilifunguliwa" kwa makusudi. Tunaijua shule moja, ambayo hatutaitaja, iliyoletewa vitabu vizuri vya hadithi vilivyoandikwa kwa maneno mepesi. Vilifungiwa kabatini visichafuke, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mtu. Havikuchafuka, ni kweli, wala havikusomwa.

Kazi ya darasani

Sasa tushuke mpaka darasani, maana maneno ya mabingwa yasipofika ubaoni ni kelele tu.

Kwanza ni sauti. Mwalimu wa Mara hawezi kufundisha sauti za Kiingereza asipojua mtoto ametoka na sauti gani nyumbani. Kikuria hakina sauti ya l, kina r. Ndiyo sababu mtoto huomba kalamu na darasa husikia karamu, wakacheka. Mtoto huyo akifika kwenye Kiingereza, "light" na "right" kwake ni neno moja. Kijaluo hakina sh wala z, kwa hiyo shamba huwa "samba" na wazee huwa "wasee". Hayo si uvivu wala ukaidi; ni desturi ya ulimi. Dawa yake ni kusikia kwanza: mwalimu ayatamke maneno mawili, mtoto aonyeshe kwa mkono ni lipi, siku baada ya siku, kabla ya kutakiwa ayatamke. Tena kila mtoto ana mali yake. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu yapata ishirini. Lakini Kikuria kina irabu saba, na sikio la Mkuria limekwisha kuzoea kutofautisha zaidi. Mwalimu mwenye busara huanzia hapo, badala ya kuanzia kwenye kicheko.

Pili ni ujenzi wa maneno. Sisi husema "anakuja", neno moja, wala hatuulizi kama ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza asema "he is coming" au "she is coming". Ndiyo maana mtoto humwita mama yake "he". Si kwamba hamjui mama yake, bali lugha zetu hazikumzoesha kuchagua. Sisi husema "nyumbani", na ule mwisho mdogo wa -ni hubeba kazi ambayo Mwingereza huigawa kwa maneno in, at, to na from. Mwalimu asipolieleza hilo, mtoto atalibahatisha maisha yake yote. Mwalimu akilieleza kwa Kiswahili kwa dakika tano, ameokoa mwaka mzima. Kadhalika Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, lakini Kiingereza kimekusanya "though", "through", "cough" na "enough" chini ya herufi zile zile. Mtoto aambiwe wazi kwamba kosa hapo si la akili yake.

Tatu ni kiasi cha maneno. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, aliandika mwaka 1926 ya kuwa vitabu vya watoto vilijaza maneno mapya mengi mno katika ukurasa mmoja, akaanza kuviandika upya kwa maneno machache yanayorudiwarudiwa. Orodha yake ya maneno ya lazima, iliyotolewa mwaka 1953, ina maneno yapata 2,000. Wachunguzi wa siku hizi wamepima wakaona ya kuwa mtu husoma kwa raha bila msaada anapojua maneno kama 98 katika kila 100. Hebu tufanye hesabu. Katika ukurasa wa maneno 300, maneno yasiyojulikana yawe sita. Mpe mtoto ukurasa wenye maneno 60 asiyoyajua, naye hasomi tena, anahesabu mawe. Mkamia maji hayanywi.

Nne ni kule kuitika. Mtu akiingia katika madarasa mengi atasikia mwalimu akisoma sentensi, akaacha neno la mwisho, na watoto wote wakalimalizia kwa sauti moja. Halafu mwalimu huuliza, "Is it clear?" na wote huitika, "Yes." Mgeni hufurahi kwa kelele hizo. Lakini kuitika si kujua. Hapo mwalimu amejificha na mwanafunzi amejificha, kila mmoja akimsitiri mwenzake asiaibike. Hatusemi haya kuwashutumu walimu. Mwenye watoto 70 au zaidi mbele yake, na lugha ambayo na yeye aliipata kwa taabu, atafanya nini? Lakini ipo njia. Awape swali, wawili wawili walizungumze kwanza kwa Kiswahili hata walielewe. Awape ubaoni mwanzo wa sentensi kwa Kiingereza. Kila mmoja aandike mwisho wake. Kisha wachache wasome. Tuseme somo ni juu ya samaki. Mtoto wa Mwigobero ameona matamvua ya sato tangu utoto, anajua samaki hufa akitolewa majini. Elimu anayo. Anachokosa ni neno "gill" na sentensi ya kulibebea. Mpe hayo, naye atasema. Mnyime ruhusa ya Kiswahili, naye atanyamaza pamoja na elimu yake yote.

Walimu wa vyuo vya Dodoma, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol, walitengeneza mifano ya vitabu vya kiada kwa njia hii: sentensi fupi, picha, maneno magumu yaliyoelezwa kwa Kiswahili, na mahali palipoandikwa wazi kwamba hapa mzungumze kwanza kwa Kiswahili. Hiyo ni kazi ya watu wetu wenyewe, nasi twaona yafaa walimu wanaofundishwa katika Chuo cha Ualimu Bunda waipate.

Tano ni makosa. Ziko shule ambamo mtoto akisema Kiswahili huvikwa kibao shingoni, akaenda nacho mpaka amkamate mwenzake mwenye kosa lile lile. Twauliza: mtoto hujifunza nini hapo? Hujifunza kupeleleza, na hujifunza kunyamaza. Hapana mtu aliyejua kuogelea kwa kuadhibiwa kila anapomeza maji. Mwalimu asahihishe kosa moja au mawili yenye maana, kwa kulirudia neno sawasawa, na mengine ayaache yakue. Wanaodai Kiingereza kwa kibao wangefanya hesabu ya watoto waliokaa kimya miaka minne.

Kazi yetu sisi

Bwana Mwenye Kiti, sasa twarudi kwenye yale mashauri mawili.

Wale waliotoa shauri la kusema Kiingereza tu nyumbani ni ndugu zetu, na nia yao ni njema. Lakini twauliza: Kiingereza gani? Wengi wetu tunacho Kiingereza cha majadala na barua za ofisini. Kinatosha kumjibu Katibu Tawala. Hakitoshi kumwimbia mtoto, kumtuliza alipougua, wala kumsimulia habari za babu yake. Tukimnyang'anya lugha tunayoijua vema tukampa nusu ya lugha, atabaki na nusu mbili. Na bibi yake wa Butiama, asiyejua Kiingereza, atakuwa mgeni katika nyumba ya mwanawe mwenyewe. Hasara hiyo hapana mtihani utakaoilipa.

Tena yako mambo ya fedha. Tangu Sera ya mwaka 1995 shule za watu binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zimeenea, na wako wanachama wanaokopa kila mwaka kulipa ada yake. Hatumkatazi mtu, kila mzazi ana haki yake. Ila twawaomba, kabla ya kukopa, waende wakakae nyuma ya darasa saa moja, wasikilize. Jina la lugha katika kibao cha mlangoni si lugha katika kinywa cha mtoto. Shule yenye vitabu vinavyosomwa na mwalimu asikilizaye ni bora kuliko yenye kibao kizuri.

Na masomo ya likizo ya kukariri majibu ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Mtoto atajua majibu ya mwaka jana. Mwaka huu swali likigeuzwa kidogo, limemshinda.

Kwa hiyo sisi tunaunga mkono shauri la masanduku ya vitabu, kwa masharti manne. Sharti la kwanza, vitabu viwe vyepesi, vya hadithi, na vingine viwe vya Kiswahili. Maana aliyezoea kusoma kwa lugha moja hubeba mazoea hayo mpaka lugha nyingine. La pili, sanduku lisikae bila kufunguliwa hata juma moja. Aliye na ufunguo aandike katika daftari kila kitabu kilichotoka na kilichorudi, na kilichochakaa kwa kusomwa kihesabiwe faida. La tatu, kila Jumamosi wanachama wawili wakae na watoto kwa saa moja, mmoja asome kwa sauti, na watoto waulize kwa lugha yo yote waliyo nayo. La nne, watoto wa majirani wasio watumishi waruhusiwe sawa na wetu. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa karani watakaa dawati moja Kidato cha Kwanza; hapana faida kumwinua mmoja akamwacha mwenzake.

Na nyumbani tuseme lugha zetu bila haya. Tumsimulie mtoto, tumwulize sababu za mambo, tumwache ajibu kwa maneno mengi. Akili iliyozoea kutoa hoja kwa Kijita au Kiswahili itaitoa kwa Kiingereza siku itakapopata maneno yake. Tukumbuke pia ya kuwa dunia ya kazi inabadilika. Mwaka 2021 sheria iligeuzwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Kijana wa kesho atatakiwa azijue lugha mbili sawasawa. Aandike barua safi kwa mwanakijiji, na amjibu vema mgeni aliyeshuka Bunda kwenda Serengeti.

Tumesema mengi, nanyi mmetusikiliza kwa uvumilivu. Jambo tunaloliomba ni dogo, wala halitaonekana katika magazeti. Sanduku tatu, ufunguo usiofichwa, na saa moja ya Jumamosi. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka mmoja ukipita, twaomba daftari zile tatu zisomwe hapa mbele ya mkutano, ili kila mwanachama ajue vitabu vingapi vilisomwa, na watoto wangapi walipata kinywa cha kuuliza.

Bwana Mwenye Kiti, twaomba shauri lipigiwe kura.